Daftari, Wenzako au Mshauri: Pa Kuanzia Moyo Ukichoshwa na Sukari

Saa tisa usiku, Majengo, Mombasa, feni inazunguka na bado fulana imelowa chapa kwa jasho. Mikono ilikuwa inatetemeka, ulimi mzito. Nikawasha tochi ya simu, nikajitoboa kidole kupima sukari ya damu: 2.9, chini mno. La kufanya nalijua tangu nina miaka 16: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, ungoje dakika 15, upime tena. Usiku huo sikungoja. Sukari ikishuka, njaa yake haina adabu. Nilikunywa yale maji, nikamaliza mahamri matatu yaliyobaki kwenye sahani ya chakula cha usiku, nikafuatiza na juisi ya ukwaju ya ndugu yangu. Asubuhi mashine ikasoma 17.4, juu mno, na kabla sijaketi kitandani nilikuwa nimeshajiambia: "Mlafi wewe. Miaka 11 hujajifunza. Utakatwa mguu, na utakuwa umejitakia."

Hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumwambia maneno hayo, hata aliyenikosea. Mimi nilijiambia kila wiki, miaka nenda miaka rudi, nikiamini kwamba ndiyo nidhamu inayoniweka hai.

Naandika haya kwa kijana anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza, aliyeshatoka kwenye kliniki ya watoto, anayejua sindano zake vizuri lakini moyo umechoka. Njia nilizozijaribu mimi ni tatu, na hizo ndizo ninazoweza kuzilinganisha kwa haki: kuandika peke yako kwenye daftari, kukaa na wenzako wenye hali kama yako, na kwenda kwa mshauri nasaha. Zote zinafaa. Lakini ukianza na isiyo yako wakati ule, unaweza kukata tamaa na zote tatu, kama nilivyokaribia kufanya.

Kujionea imani

Kinachotafutwa katika njia zote tatu ni kitu kimoja, na jina lake la Kiswahili linaleta taabu kidogo. Ukisema "kujihurumia", watu wanamwona mtu aliyejiinamia pembeni akilia maskini mimi. Silo hilo. Mimi napenda neno la bibi yangu: kumwonea mtu imani. Mtoto wa jirani akianguka barazani, bibi hamwulizi kwanza alikuwa anakimbilia nini. Anamwinua, anamfuta vumbi, anatazama goti. Kisha ndipo amwambie apite polepole. Kujionea imani ni kujitendea hivyo hivyo: kwanza goti, halafu funzo.

Mwanasaikolojia wa Marekani Kristin Neff, ambaye mwaka 2003 alichapisha kipimo cha jambo hili, aligawa mambo matatu ndani yake: upole kwa nafsi badala ya kujihukumu, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni hali ya binadamu wote, na kulitazama linalokuuma kama lilivyo, bila kulikuza wala kulifunika. Hayo matatu yakumbuke, kwa sababu daftari, wenzako na mshauri kila mmoja ana nguvu katika moja kuliko mengine.

Na si maneno matamu tu. Huko Auckland, New Zealand, watu 63 wenye kisukari, wa aina ya kwanza na ya pili, waliingia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Nusu walifundishwa kwa wiki 8 namna ya kujionea imani, nusu wakangoja zamu. Waliofundishwa walipungukiwa na huzuni na uchovu wa kisukari, na kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikashuka kwa karibu asilimia 1 miezi mitatu baada ya mafunzo kwisha. Waliongoja hawakuona badiliko hilo. Watu 63 si wengi, lakini anayejua jasho la kuteremsha kipimo kile kutoka 9 hadi 8 atanielewa kwa nini nilisoma mara mbili.

Sababu hazihitaji elimu kubwa. Ukiishi kwa hofu na hasira, mwili unamwaga adrenalini na kotisoli, na ini linatoa sukari iliyoiweka akiba. Pia mtu anayeogopa kukaripiwa na mashine hatapima. Mimi nimewahi kukaa siku 9 bila kupima, mashine iko ndani ya mkoba, stripu za kupimia zipo, kisa tu sikutaka kuiona namba.

Kwanza jua umechoka uchovu gani

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, kwa hiyo usiparuke.

Kuna uchovu wa kisukari chenyewe. Unacheka na marafiki vizuri, kazini unakwenda, lakini likitajwa neno "sukari" unahisi mzigo: hesabu kila mlo, sindano kila mlo, "umekula nini tena" kila siku. Madaktari wana dodoso la maswali 20 la kupima uchovu huu, lililotungwa Marekani mwaka 1995 na William Polonsky na wenzake. Kila swali unalipa alama 0 hadi 4, jumla unazidisha kwa 1.25. Ukifika 40 kati ya 100, uchovu huo umekuwa mzito na unastahili kushughulikiwa. Mwulize daktari au nesi wa kliniki kama wanalo.

Na kuna huzuni ya ugonjwa, ile inayokaa wiki mbili na zaidi, inayokula usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kila kitu, sukari ikiwa nzuri au mbaya. Kwa hii kuna dodoso la maswali 9 linalouliza habari za wiki mbili zilizopita; lipo hata kwa Kiswahili. Ukipata alama 10 au zaidi kati ya 27, zungumza na mtaalamu.

Uchovu wa kwanza, daftari na wenzako wanaweza kuubeba. Wa pili, hapana. Na kuna hali mbili ambazo nakuomba usianze na daftari wala kundi hata siku moja. Ya kwanza ni ukiwa unaruka sindano makusudi ili upungue mwili. Hilo linatokea kuliko linavyosemwa, hasa kwa wasichana, na linaua. Ya pili ni ukiwa unawaza kujidhuru. Mwambie mtu leo, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ambayo ni bure, au nenda hospitali iliyo karibu. Usinyamaze kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na katiba.

Daftari

Lilikuwa la kwanza kwangu kwa sababu lilikuwa rahisi. Daftari la kurasa 48, kalamu, na mlango uliofungwa. Hakuna nauli wala haya, na shangazi hawezi kuuliza unakwenda wapi Jumamosi.

Njia niliyoitumia ni kupiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika nilivyojiambia, neno kwa neno, bila kulisafisha. Kulia naandika ambavyo ningemwambia binamu yangu mdogo kama yeye ndiye angekuwa amefanya jambo lile. Asubuhi ile ya 17.4 ukurasa ulisomeka hivi. Kushoto: "Mlafi wewe. Miaka 11 hujajifunza." Kulia: "Ulikuwa 2.9, uko peke yako, gizani. Ubongo ulikuwa unaomba chakula ili usizimike. Umekula kingi kuliko ilivyotakiwa, basi. Leo weka glukosi karibu na mto, na mahamri yalale jikoni."

Angalia upande wa kulia. Haujasema kula mahamri si neno. Umetoa mpango wa kesho, jambo ambalo upande wa kushoto haukufanya. Ndiyo tofauti ya kujionea imani na kujidekeza, na mimi niliiona kwanza hapo, kwa wino.

Daftari lina nguvu katika ule upole wa nafsi. Linakufaa saa tisa usiku, wakati kundi limelala na mshauri hapatikani. Lakini lina kasoro yake, na sikuisoma popote, niliigundua mwenyewe. Mtu aliyezoea kujihukumu anaweza kuligeuza kuwa mahakama. Mwezi wa tatu nilipogeuza kurasa nyuma, upande wa kushoto ulikuwa umejaa hadi pambizoni, na kulia pameandikwa "sawa, pole" kwa mkono wa mtu aliyechoka. Nilikuwa naandika mashitaka na kuyatia sahihi. Ukiona hivyo kwako, acha. Daftari halina uwezo wa kukwambia kwamba wengine pia ndivyo walivyo, na hilo ndilo nililokuwa nalikosa.

Wenzako

Kisukari cha aina ya kwanza kina upweke wa namna yake. Mtaani kwetu "sukari" ni ugonjwa wa wazee wanene. Ukisema unao ukiwa na miaka 20 na mwili kama wa ufito, utaulizwa ulikuwa unakunywa soda ngapi. Ukweli ni kwamba kinga ya mwili imeshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Si soda iliyokuletea. Hili nalijua kwa akili tangu kitambo, ila moyo uliliamini siku nilipokaa na watu waliokuwa na kisa kile kile.

Jumamosi yangu ya kwanza na kundi tulikutana Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, chini ya mibuyu, meli kubwa ya makontena inapita taratibu kuingia bandari ya Kilindini. Tulikuwa 7. Wawili nilikuwa nimewaona kliniki bila kusalimiana. Muuza mihogo akaja, mihogo ya kuchoma, ndimu, pilipili. Nikajiandaa na maneno yangu ya kila siku, "asante, mimi nimeshiba." Kijana mmoja wa Likoni akachukua kipande, akakilaza kiganjani, akakikadiria kwa jicho. "Hiki kwangu ni yuniti tatu za insulini. Kwako?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo na mtu ambaye si daktari.

Mikoba ikafunguliwa. Peni zikatoka, sirinji moja, na chupa moja ya insulini iliyoviringwa kwenye kitambaa kibichi kwa sababu ya jua. Shati zikapandishwa kidogo, tumbo, paja. Hakuna aliyegeuza uso. Muuza mihogo alitazama, akasema "poleni wanangu", akaendelea kukata ndimu. Nilidunga sindano hadharani kwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua. Mpaka siku ile chumba changu cha dawa kilikuwa vyoo vya mikahawa. Nikasimulia mahamri na 17.4, kwa sauti ndogo. Msichana aliyekaa karibu nami akasema, "Jumatano mimi nilimaliza sufuria ya wali wa nazi. Kwa mwiko." Tukacheka mpaka macho yakatoka machozi, na jambo ambalo daftari lilishindwa nalo kwa miezi mitatu likaisha pale.

Wenzako pia wanakufundisha mambo ya mkono. Nyumba isiyo na friji, chupa ya insulini inaishi vizuri ndani ya mtungi wa udongo: unauweka penye kivuli na upepo, unaulowesha nje, chupa iko kavu ndani. Kwa joto letu la Februari hilo si dogo, kwa sababu insulini iliyopigwa na jua hupungua nguvu bila kubadilika sura, na wewe utajilaumu kwa sukari iliyopanda kwa kosa la jua. Hata historia ya dawa hii ilianza hivyo. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, na sindano ya kwanza haikumfaa. Ilikuwa haijasafishwa vya kutosha. Siku 12 baadaye alidungwa iliyosafishwa vizuri zaidi, sukari ikateremka. Niliposimuliwa kisa hicho pale Mama Ngina nilifikiria mara ngapi nimeichukua lawama ya chupa nikaiweka kichwani kwangu.

Sasa kasoro, na si ndogo. Kundi linaweza kugeuka mashindano ya namba. Yupo mwenye ndugu Ughaibuni anayemletea kile kifaa cha kubandika mkononi kinachosoma sukari mchana kutwa, yupo anayehesabu stripu ziishe mwezi. Wakianza kuonyeshana vipimo, wa pili anarudi nyumbani na jeraha jipya. Kundi letu lilikubaliana mapema: namba unaitaja ukitaka msaada, hutaji kujisifu. Siri nayo ni suala. Mombasa ni ndogo. Binamu wa mwenzako anaweza kuwa ndiye posa yako. Kwenye kundi la WhatsApp mambo husambazwa hata bila nia mbaya, kwa hiyo yale mazito yaseme ana kwa ana.

Kubwa kuliko yote ni dawa za kusikia. Atatokea mtu, mara nyingi mwenye mapenzi ya kweli, akwambie habasoda au mlonge umemponya fulani na aliacha sindano. Fulani huyo pengine ana aina ya pili. Wewe ukiacha insulini, ndani ya siku chache damu inajaa asidi na unaingia wodini, ukiwahi. Kundi linaloruhusu maneno hayo yapite bila kujibiwa, ondoka.

Kuwapata si vigumu kama inavyodhaniwa. Mwulize nesi wa kliniki ya sukari unayohudhuria, hospitali ya Coast General au kwingineko, kama kuna vijana wanaokutana. Kama hawapo, mwombe ampe mgonjwa mwingine wa rika lako namba yako. Kundi letu lilianza na watu 2.

Mshauri nasaha

Niseme wazi kwamba mara ya kwanza niliumia. Mshauri niliyemwendea aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nimejaribu kupunguza vitu vitamu ili nipone. Nililipa, nikashuka ngazi, nikaapa sirudi. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia watu kwamba ushauri nasaha haufai. Nilikosea, aliyekuwa hafai, kwangu mimi, ni mtu mmoja.

Wa pili, siku ya kwanza, aliniomba nimwonyeshe mashine. Akatazama namba za usiku, 14, 15, 14, 16, akauliza: "Unalala ukiwa juu hivi kila siku. Inakulinda na nini?" Nikanyamaza. Kisha nikamsimulia jambo ambalo sikuwa nimeliandika kwenye daftari wala kulitamka Mama Ngina: usiku nilipokuwa na miaka 19, hosteli, sukari iliposhuka nikapata degedege, nikaamka nimezungukwa na watu na nimejikojolea. Tangu hapo nilikuwa napunguza sindano ya usiku bila kumwambia daktari, ili nisirudi pale. Nilijiita mzembe kumbe nilikuwa nimeogopa.

Tulikwenda naye wiki kwa wiki, dakika 50 kila kikao. Daktari akashiriki, tukateremsha lengo la usiku kidogo kidogo, glukosi karibu na mto, mama akifundishwa la kufanya nikizimika. Daftari lisingeweza kuuliza swali lile. Wenzangu nao wasingeweza, kwa sababu nusu yao walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Nguvu ya mshauri iko katika lile la tatu, kulitazama linalouma kama lilivyo ukiwa na mtu ambaye halimtishi.

Gharama ndiyo kizuizi. Hospitali za serikali ni nafuu kuliko za binafsi, lakini utapanga foleni na pengine kila safari ukutane na mtu tofauti. Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa ina huduma ya afya ya akili, na najua mtu akisikia jina hilo anawaza wendawazimu. Usiliache likufungie mlango. Kabla hujalipa popote, uliza maswali mawili. Umesajiliwa? Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo ni haki yako kuuliza. La pili: unajua tofauti ya aina ya kwanza na ya pili? Akisema hajui ila yuko tayari kujifunza, huyo mpe nafasi. Akijidai anajua kisha akakutajia soda, rudi nyumbani na pesa zako.

Ramadhani, mahali zote tatu zinapopimwa

Nimechagua jambo hili moja nizipambanishe, kwa sababu ndilo lililonitoa machozi mengi kuliko sindano.

Wataalamu wa kisukari huiweka aina ya kwanza miongoni mwa hali za hatari kubwa kwa anayefunga. Qur'ani yenyewe, Al-Baqara aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza atoe fidia ya kulisha maskini. Hukumu iko wazi. Lakini aibu ya kijana mzima anayekula mchana nyumbani kwa watu waliofunga haisomi aya. Nilikuwa nakula chumbani, ganda la ndizi naliweka chini ya godoro.

Daftari lilinisaidia kuandika aibu hiyo hadi nikaiona sura. Upande wa kulia niliandika: "Aliyeamrisha kufunga ndiye aliyekuruhusu." Ilinituliza kwa siku moja moja. Wenzangu walifanya zaidi. Sisi tusiofunga tulikula pamoja mchana nyumbani kwa mmoja wetu, mlango umerudishwa, mama yake akitupikia mwenyewe. Mbaazi na mkate siku ile niliona zimetiwa kitu kisichokuwamo duniani. Mwenzetu aliyetaka kufunga alikwenda kupanga na daktari wake miezi miwili kabla, akijua kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapo hapo, na hakuna aliyemcheka wala kumshindania. Mshauri alifanya lile ambalo sisi vijana hatukuliweza: alikaa na mama yangu. Mama akasema mbele yake, "Mwanangu, mimi sikuwa naona haya juu yako. Nilikuwa naogopa watu wataniuliza, nami sijui kulieleza." Miaka 11 nilikuwa nimemsoma vibaya.

Swali la hukumu lipeleke kwa shekhe, la yuniti kwa daktari. Wapo masheikh wengi wanaolielewa vizuri; nenda na mzazi wako wasikie pamoja.

Kwa hiyo uanze wapi?

Maoni yangu, na nayasema nikiwa nimepita kote: kama unachosikia ni uchovu wa kisukari, usianze na daftari. Najua ndilo rahisi. Lakini wengi wetu tayari tuko peke yetu mno na sauti iliyomo kichwani. Kuiongezea karatasi kabla hujasikia sauti nyingine ni kuipa nafasi zaidi. Anza na wenzako, hata awe mmoja. Ukishasikia mtu akikujibu "hata mimi", ndipo upande wa kulia wa ukurasa unapopata maneno ya kweli ya kuandika. Mwezi wa pili ongeza daftari, dakika 10 usiku, si zaidi.

Isipokuwa kama huwezi kumwaminia mtu siri yako sasa hivi, labda uko katikati ya posa au umeanza kazi mpya na hujawaambia. Hapo daftari ni kivuli kizuri cha kungojea. Jipe wiki 6, kisha soma kurasa nyuma uone upande gani unanenepa.

Mshauri mtangulize kama huzuni imepita wiki mbili, kama kuna usiku mmoja unaoukimbia kama nilivyoukimbia wangu, au kama nyumbani ndiko kunakouma. Fedha ikiwa ya vikao vitatu tu, mwambie hivyo siku ya kwanza ili msizunguke. Mimi vikao vyangu vya maana vilikuwa vitatu kati ya tisa.

Ukichagua wenzako, na ukaona haya kufika, fanya nilivyofanyiwa. Mtumie mmoja wao ujumbe umwombe akungoje barabarani. Aliyeningoja mimi sikumjua kwa sura, akaniandikia: "Utaniona. Nimeshika pakiti ya glukosi mkononi." Nilishuka kwenye tuktuk, nikaiona ile pakiti kabla sijamwona mwenyewe. Alikuwa ameshaifungua. Akaninyooshea tembe moja, akauliza, "Umepima kabla ya kuja?"